Maneno ya Kale Katika Maandishi ya Leo: Mwongozo kwa Anayeandika Bukavu

Kabla hujaandika neno la kale, jiulize ni la kale kwa nani. Msomaji wa Dar es Salaam akikutana na mayi, moya, kuya na yambo atayaweka upande wa tenzi, kwa kuwa maumbo ya namna hiyo ameyaona shuleni katika mashairi ya Pate na Lamu. Au atasema Wakongo wamekosea. Kwetu Bukavu si ya tenzi wala si makosa, ni maneno ya leo asubuhi. Mama anayepanga sambaza zake sokoni Kadutu analalamika kwamba mayi haiko ku robine, anamwita mtoto kuya apa, anahesabu moya, mbili, tatu. Kiswahili chake hakikutoka Pate. Kilikuja na misafara ya karne ya 19 kutoka Unguja, kikapita Tabora na Ujiji hadi Nyangwe na Kasongo, kisha kikalelewa na lugha zetu za Kibantu. Hata hivyo Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858, angalilisikia lile mayi asingalishtuka.

Geuza upande wa pili. Aidha, kadhalika, takriban, ilhali: haya ni maneno ya kila siku katika magazeti ya Tanzania. Kwetu mtu akiyasikia anajua papo hapo kwamba msemaji amesoma kitabuni, au ni mtangazaji, au ameishi Tanzania. Sababu yake iko wazi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulikia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kwa hiyo kipimo cha zamani na sasa alicho nacho mwenzako wa Morogoro si chako, na ukikiazima bila kukikagua utajikuta unawaandikia wasomaji wa mji mwingine.

Basi chukua karatasi, uandike maneno yote unayoyaonea shaka katika maandishi yako, kisha uyatenge. Kuna ya kale pwani lakini hai kwetu, kama hilo mayi. Kuna ya kawaida pwani lakini kwetu ni ya kitabuni. Kuna yaliyochakaa kote, kama pulika kwa maana ya sikia. Na kuna kundi la nne, ambalo waandishi wengi wa hapa hulisahau: maneno ya kale ya Bukavu yenyewe, ambayo hayamo katika utenzi wowote. Hilo la nne ndilo lenye mali nyingi, na nitalirudia hapa chini.

Lipe kila neno kazi

Neno la kale likiingia kwa sababu ni zuri tu, litoe. Uzuri hautoshi. Libaki pale linapofanya kazi ambayo neno la sasa limeshindwa kuifanya.

Chukua nyuni. Kamusi zitakuambia ni ndege, na kwamba ni neno la kizamani au la kishairi. Lakini ndege siku hizi ni vitu viwili, na katika mji ambao watu wake wanatazama juu kila wanaposikia mngurumo kutoka upande wa uwanja wa ndege wa Kavumu, sentensi kama "ndege walipita juu ya ziwa" haimwambii msomaji kama atazame manyoya au aogope. "Nyuni walipita juu ya ziwa" inamaliza shaka kwa neno moja. Tena msomaji wetu halioni neno hilo kuwa geni sana: ng'ambo ya Ruzizi Wanyarwanda husema inyoni, na Waganda husema ennyonyi. Mzizi ni ule ule.

Mtima nao vivyo hivyo. Pwani wamebaki na moyo, na mtima wamewaachia washairi. Ila mtoto aliyekuzwa kwa Mashi anajua omurhima, na aliyekuzwa kwa Kinyarwanda anajua umutima. Ukimwandikia mtima, humwongezei mzigo. Hapa ndipo mwandishi wa Bukavu alipo na bahati ambayo sioni ikitumiwa vya kutosha: maneno kadhaa ya Kibantu ambayo Kiswahili cha pwani kimeyaweka kabatini yako karibu zaidi na sikio la msomaji wetu kuliko maneno mapya yaliyoyarithi. Kabla hujaruka kwenda kutafuta neno zito la Kiarabu ili maandishi yako yanukie ukale, tazama kwanza kama Kiswahili cha zamani hakina neno linalofanana na la bibi yako wa Walungu au Kabare.

Neno huja na mdomo uliolisema

Ukitumia nena, twaa, enenda, hata ikawa, msomaji wa hapa hasikii zamani, anasikia mimbari. Maneno hayo yamehifadhiwa na Biblia ya Muungano iliyochapishwa mwaka 1952, na mahubiri yameyarudia hadi yamepata sauti yake maalumu. Si vibaya. Kama hadithi yako ina mchungaji, au mama anayesali usiku wakati bunduki zinalia, maneno hayo ni yake kwa haki. Lakini ukiandika kwamba dereva wa teksi "alitwaa" noti na "kuenenda" zake, umemvika kanzu ambayo hakuiomba, na msomaji ataanza kutafuta fundisho ambalo hukuliweka.

Yako maneno yenye mdomo mchungu zaidi. Lugha yetu yenyewe iliitwa Kingwana, kutokana na mwungwana. Leo mwungwana ni mtu mwenye adabu. Katika Maniema ya karne ya 19 lilimtenga aliye huru na mtumwa, na aliyefuata desturi za pwani na yule aliyeitwa mshenzi. Ukiandika hadithi ya wakati huo, soma maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, ambayo Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni maandishi ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na utaona jinsi anavyotaja mapagazi, mateka na vita bila kupepesa. Maneno kama hayo yaachie wahusika wayaseme. Msimulizi wako akiyachukua kama rangi ya zamani tu, atakuwa amekubaliana nao bila kujua. Kitu kingine utakachokiona mle ni kwamba nathari yake ni nyepesi: vitendo vinafuatana kwa -ka-, sentensi fupi fupi, maneno ya kawaida. Anayedhani kwamba kuandika kizamani ni kuandika kwa uzito hajasoma wazamani wenyewe.

Sasa lile kundi la nne. Mzee aliyezaliwa mji huu ukiitwa Costermansville, kabla ya jina kubadilishwa katika miaka ya 1950, hasemi kama utenzi wa Pate. Ukimtia mdomoni ghulamu na minajili, umemfanya mgeni katika nyumba yake. Yeye ana kapita, yule msimamizi wa kazi. Ana posho, chakula cha juma. Ana matabishi, kile kidogo cha juu anachopewa mtu kwa hisani. Ana buloko, mahali alipolala aliyekosa kulipa kodi. Akikumbuka kazi ya shamba atasema: "Kapita alikuwa anaandika majina; mutu asipofika, posho inakatwa." Sentensi hiyo ina zamani yote unayoihitaji, na hakuna neno hata moja ndani yake lililotoka kwenye kamusi ya mashairi.

Neno barza nalo linafaa kuangaliwa kwa karibu. Wabelgiji waliokuja Kongo walilichukua baraza la Waswahili, wakalifupisha, wakaiita hivyo ile veranda ya mbele ya nyumba ambako watu hupunga upepo. Kwa hiyo barza imo hata katika Kifaransa cha kikoloni. Ukiandika "walikaa barazani" katika hadithi ya nyumba ya zamani ya Muhumba, msomaji wa Unguja ataona benchi la mawe lililojengwa na ukuta, wa Dodoma huenda akafikiria kikao cha viongozi. Ukiandika "walikaa ku barza" au "walikaa kwenye barza", msomaji wa Bukavu anaona nguzo, kiti cha mianzi na mtu aliyekaa akitazama ziwa. Chagua la mji wako. Msomaji wa mbali ataelewa kutokana na nguzo na kiti, mradi uviandike.

Sentensi moja mezani

Tufanye kazi kwa mkono. Hii ni sentensi niliyoitunga kwa kufuata mtindo ninaouona mara nyingi katika kazi za vijana, hasa zile zinazoandaliwa kwa ajili ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani:

"Ghulamu mmoja alitwaa pondo lake akaenenda ziwani kwa minajili ya riziki, ilhali nyuni wa alfajiri hawajapulikana na waja wote wangali usingizini."

Ghulamu ni kijana, lakini katika maandishi ya zamani ni kijana wa kutumwa, mara nyingi wa nyumba ya mkubwa. Mvuvi wetu hatumwi na mtu. Litoke. Twaa na enenda tumeshazisema. Kwa minajili ya halisemi lolote ambalo kitenzi "kutafuta" hakijalisema.

Pondo ndilo kosa kubwa, na halionekani mpaka uulize kitu chenyewe. Pondo ni mti mrefu wa kusukumia chombo kwa kuuegemeza chini, mahali penye maji ya kina kifupi, kama kwenye mikoko ya pwani. Ziwa Kivu linateremka ghafla kutoka ukingoni, na kilindi chake kinazidi mita 450. Mvuvi wa sambaza akichukua pondo atafika wapi? Yeye ana kasia, ana wavu, ana taa, na mara nyingi mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, huku wenzake wakiimba ili wapige makasia kwa pamoja. Neno la kale huja na chombo chake. Hakikisha chombo hicho kipo unapoandikia.

Nyuni libaki, kwa sababu niliyoitoa. Hawajapulikana litoke: pulika ni la kale kote, na katika sentensi iliyokwisha kubeba nyuni linakuwa mzigo wa pili. Waja ni binadamu wakitazamwa kama viumbe wa Mungu. Likikaa hapa, alfajiri ya mvuvi inageuka mawaidha. Wangali nalipenda. Neno bado limetumika hadi limechoka, na hiyo -ngali inabeba hali inayoendelea kwa upole, katika silabi mbili. Alfajiri halina shida yoyote Bukavu, ingawa mitaani tunasema zaidi asubui mapema, kwa sababu Chuo cha Alfajiri cha Wajesuiti kimelitia katika masikio ya mji mzima. Neno lililokaa ndani ya jina la shule, kama lilivyo pia wima la Lycée Wima, linasomeka bila maelezo.

Tunabaki na hii: "Kijana mmoja alichukua kasia lake akashuka ziwani kutafuta riziki. Nyuni wa alfajiri walikuwa hawajaanza kulia, na Nyalukemba nzima ingali usingizini."

Maneno mawili ya kale katika sentensi mbili, na yote mawili yana kazi.

Jinsi ya kuliingiza

Usianze nalo. Aya ya kwanza iwe wazi kabisa, ili msomaji akuamini. Neno la kale lije baadaye, likiwa limezungukwa na vitendo vinavyolieleza. "Nyuni walitua juu ya mwembe, wakaanza kunyonyoana manyoya": hakuna anayehitaji mabano hapo. Mabano yanamwambia msomaji kwamba humwamini.

Kisha lirudie. Neno geni likitokea mara moja tu linabaki pambo. Likitokea mara ya pili msomaji analitambua, na mara ya tatu limekuwa lake. Kama huoni nafasi ya kulirudia katika kazi ndefu, huenda halikuwa na kazi tangu mwanzo.

Unapochukua neno, usichukue sarufi yake pia. Mwandishi anayeandika zombo kwa vyombo katika aya moja na vyombo katika aya inayofuata hajaandika kizamani wala kisasa. Ama kazi yote iwe katika lahaja hiyo, na uwe unaijua kama unavyojua Kiswahili cha nyumbani kwako, ama neno liingie katika upatanisho wa kisarufi unaoutumia siku zote. Abdilatif Abdalla aliandika Sauti ya Dhiki, iliyotoka mwaka 1973, akiwa gerezani kwa ajili ya siasa, na ameitunga kwa Kimvita. Msomaji wa bara anaweza kuyaona maneno yake mengi kuwa ya kale. Kwake yeye hayakuwa ya kale, yalikuwa lugha ya Mombasa aliyolelewa nayo, na ndiyo maana hayayumbi kutoka ubeti hadi ubeti.

Kuhusu maneno ya kiungo, tahadhari mbili tu. Aidha maana yake ni vilevile, tena. Wengi sasa wanaliandika kwa maana ya "moja kati ya mawili", na kwetu tunaongozwa kwenye shimo hilo na soit ya Kifaransa. Ukitaka kuchagua kati ya mambo mawili, andika ama… ama. Laiti nalo linataka -nge- au -ngali- nyuma yake. "Laiti alikuja" ni sentensi iliyovunjika mguu.

Katika shairi la arudhi mambo hulegea kidogo, maana mizani ina haki yake. Mtima una mizani tatu, moyo una mbili, na mara nyingine hiyo moja ndiyo inayookoa kipande chako kifike nane. Macho na mato zote ni mbili, kwa hiyo mato itumie kwa ajili ya kina tu, si kwa hesabu. Lakini hata hapo sikiliza ubeti mzima kwa sauti. Ukiona neno la kale limewekwa mwishoni mwa kila mshororo kwa ajili ya vina, na katikati hakuna hata moja, msomaji naye ameliona.

Yako maandishi ambayo neno la kale lisiyaguse kabisa: tangazo la chanjo, la maji, la usalama, la kikao cha wazazi. Mtu anayesikia tangazo redioni hawezi kurudi nyuma kulisoma tena. Andika saa kumi, usiandike alasiri. Hapo uzuri pekee ni mtu kufika kwa wakati.

Kulikagua neno

Kwa anayesoma Kifaransa, na Bukavu wako wengi, hazina kubwa ni kamusi ya Padre Charles Sacleux, Kiswahili kwa Kifaransa, iliyotoka Paris katika juzuu mbili mwaka 1939 na 1941. Sacleux anaandika lahaja neno lilikotoka, jambo ambalo kamusi ndogo hazina nafasi ya kulifanya. Iweke karibu na kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 na Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015. Neno lililomo katika Johnson na limepotea katika Kamusi Kuu, karibu hakika limezeeka. Lililomo katika zote mbili bila alama ya ukale linaweza kuwa adimu kwetu, lakini si la kale. Lililomo kwa Sacleux peke yake likiwa na alama ya lahaja, litazame kama mgeni wa Lamu au Ngazija, usiliite la kale.

Kamusi haitakupa buloko ya mzee wa Kadutu wala namna alivyoitamka. Hayo yanatafutwa kwa kukaa naye. Mwulize kitu, usimwulize neno: mwulize juma la kazi lilikuwaje, chakula kilitolewaje, nani aliyeita majina. Maneno yatakuja yenyewe yakiwa na sentensi zake, nawe uyaandike pamoja na sentensi hizo, kwa sababu neno likinukuliwa peke yake utasahau matumizi yake. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na sehemu kubwa ya Kiswahili chao haijawahi kuchapishwa popote.

Ukimaliza, msomee mtu mmoja wa mtaani kwako, si mwandishi mwenzako. Usimwulize kama ni nzuri. Mwombe akusimulie alichosikia. Atakaporuka neno katika kusimulia, umejua pa kurekebisha; akilirudia kwa ulimi wake mwenyewe, liache.

Halafu inabaki kazi ya mhariri. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wengi wetu tunapeleka kazi Nairobi na Dar es Salaam, na huko mhariri mwenye nia njema atageuza barza kuwa baraza, mayi kuwa maji, buloko kuwa gereza, akiamini anakusaidia. Usisubiri akufanyie hivyo ndipo ulalamike. Pamoja na kazi yako tuma ukurasa mmoja wenye maneno uliyoyachagua kwa makusudi: neno, nani analisema hadithini, linamaanisha nini Bukavu, na kwa nini lingine halitoshi. Weka humo pia yale ambayo uko tayari kuyaachia. Mhariri akiona kwamba unajua tofauti ya mayi ya mama wa sokoni na maji ya msimulizi wako, ataanza kukuuliza maswali badala ya kukusahihisha, na yale maneno matatu au manne unayoyatetea yatafika kiwanda cha uchapaji yakiwa mazima.